Mtani Aliyekataa Kuapa

Paroko aliniita baada ya Misa ya kwanza, nikiwa nimeshakanyaga kiki ya pikipiki. Nilidhani anataka kuniuliza habari za kuku wake. Mimi ni bwana mifugo, na hapa Nachingwea kila anayenisimamisha njiani, awe padri, shehe au mwenyekiti wa kitongoji, ana kuku anayesinzia. Nikazima pikipiki, nikaanza kabisa kumweleza kuhusu chanjo ya mdondo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema tuingie ofisini.

Ndani akanieleza kwamba mwanamke niliyefunga naye ndoa Ruangwa amepeleka maombi jimboni. Anaiomba mahakama ya Kanisa iichunguze ndoa yetu.

"Ndoa ipi, Padri?" nikamuuliza. "Tuliachana siku nyingi. Mahakama ya wilaya ilishamaliza."

"Ile ilikuwa talaka ya serikali," akasema. "Kanisa halina talaka. Kanisa linauliza swali jingine kabisa. Linauliza kama siku ile ndoa ilifungwa kweli."

Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa Kipaimara. Mwenzangu anadai kwamba siku ya harusi hakuwa na uhuru, alisukumwa na watu aliowaogopa. Mahakimu wakiridhika, watatamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, naye atakuwa huru kufunga ndoa na mwanamume anayeishi naye huko Ruangwa, arudi kupokea Komunio. Wasiporidhika, ndoa inasimama, na mbele ya Kanisa ataendelea kuwa mke wangu mpaka mmoja wetu afe. Niliyaelewa maneno yake moja baada ya jingine. Akishinda yeye, mimi sikuwahi kuwa mume wa mtu. Akishindwa, atakaa benchi la nyuma maisha yake yote akiwaangalia wenzake wakienda kupokea.

Mimi huchelewa kukasirika, ila nikikasirika sishikiki. Nilimwambia Paroko kwamba nitapinga.

"Ni haki yako," akasema. Halafu, kwa kuwa naye ni binadamu, akaniuliza kuhusu kuku.

Nilifika Ruangwa nikiwa kijana, nimepangiwa kazi kutoka Sumbawanga. Kwetu ng'ombe ni wengi. Nilikopelekwa, wakati huo, mtu akiona ng'ombe anasimama kumtazama. Serikali ina mambo yake. Watu wa kule ni wakulima wa korosho na ufuta, wengi wao Waislamu, na sisi Wakatoliki tulikuwa wachache hivi kwamba mgeni akiingia kigangoni Jumapili anajulikana kabla hajapata pa kuketi. Mwenyekiti wa kigango kimoja huko Nambilanje ndiye aliyenipokea. Kila nilipopita kijijini kwake kuchanja kuku alinikaribisha chakula, na aliyekileta alikuwa binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Wamwera, maana hata padri aliyetumwa kutusikiliza hakulijua. Kwao watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Baba yupo, anapendwa, anasalimiwa kwa heshima zote, lakini posa inapofika haulizwi yeye. Mimi nimetoka kwenye watu ambao baba ndiye kila kitu. Ilinichukua muda kugundua kwamba yule mzee mpole niliyekuwa nikimkuta pembeni mwa nyumba akichonga mipini ya majembe ndiye baba mzazi wa binti.

Siku moja tukiwa tunakula, mjomba akaniambia, "Bwana mifugo, huwezi kuishi na kuku peke yao." Nikacheka. Korosho za msimu ule hazijaanza kuanguka, nilikuwa nimeshakuwa mchumba wa mtu.

Nilimpenda. Naliandika waziwazi kwa sababu watu wakisikia habari ya ndoa batili hudhani hapakuwa na kitu. Nilimpenda tangu siku aliponishikia kuku ili nimtoneshee dawa jichoni, nikamsikia akimwomba yule kuku msamaha kwa sauti ya chini. Nilimaliza banda zima siku hiyo sijui hata nilichokuwa nikifanya. Alikuwa na namna ya kuuma mdomo ili asicheke, na kicheko kikimshinda anageuka ukutani. Niliishi kwa ajili ya kumfanya ageuke ukutani.

Tulikaa Ruangwa mjini, halafu nikahamishiwa Nachingwea akaja nami. Hakuwahi kunijibu vibaya. Aliomba ruhusa kwa mambo yasiyohitaji ruhusa. "Naomba nifungue dirisha." "Naomba nikae nje kidogo." Mafuta ya kupikia yakiisha ananiambia, "Kwako mafuta yameisha." Nilidhani ni malezi mema. Nilijisifu kwa wenzangu ofisini kwamba nimepata mwanamke mwenye heshima, nao wakaniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru.

Kisha mjomba wake akafariki. Tulikwenda wote msibani, mimi nikarudi kazini, yeye akabaki mpaka arobaini. Arobaini ikapita. Nilipomfuata, tulisimama nje ya nyumba ya marehemu, na akaniambia kwamba hawezi kurudi.

"Nimekosa nini?"

"Huna kosa," akasema. "Kweli kabisa, huna kosa lolote."

Nililichukia neno lile kuliko tusi. Mtu akikutajia kosa lako unaweza kwenda kulirekebisha. Mimi nilirudi Nachingwea sina hata la kurekebisha. Baadaye nikasikia anaishi na mkulima wa ufuta wa Matambarale, mwenzetu wa kanisani, mtu asiye na kitu. Sikuoa tena. Watu walisema namsubiri, nami nikawaambia nimechoka kufua nguo za wawili, wakaniacha.

Siku ya kuhojiwa nilivaa koti, katika joto lile, kwa sababu nilidhani mahakama ni mahakama. Nilitarajia kizimba. Nikakuta ni kile kile chumba cha mikutano ya kwaya nyuma ya kanisa, meza moja, chupa ya chai, padri mgeni kutoka jimboni na sista mwenye kompyuta. Yeye mwenzangu hakuwepo. Padri alinieleza kwamba wahusika hawakutanishwi, kila mmoja husikilizwa peke yake, tena kwa siku yake. Hapo koti likazidi uzito. Nafikiri nilikuwa nimelivaa ili anione nalo.

Niliapa juu ya Injili. Sista aliandika, padri aliuliza. Alikuwa mtu wa mikoa ya kaskazini, mpole, mwenye kuuliza jambo na kusubiri jibu bila kukusaidia. Aliniambia kwamba huko jimboni yupo padri mwingine ambaye kazi yake ni kuitetea ndoa, aseme yote yanayoweza kusemwa kwa haki ili isitamkwe kuwa batili. Nikafurahi, nikasema afadhali kuna mtu upande wangu.

"Hayuko upande wako," padri akanirekebisha. "Yuko upande wa ndoa."

Akaniuliza tulivyofahamiana, nani aliyeanza maongezi ya uchumba, tulikaa muda gani kabla ya harusi. Nilijibu vizuri, nikajiona naendelea vizuri. Ndipo akauliza, "Yeye mwenyewe alikwambia lini kwamba anakupenda?"

"Mjomba wake aliniambia," nikasema.

Nilisikia kompyuta ya sista imenyamaza. Padri naye akasubiri kama kawaida yake. Nikaongeza kwamba wanawake wa kule wana aibu, mambo mengine hayasemwi. Akaitikia kwa kichwa, sista akaandika, nami nikatoka nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani.

Yaliyofuata nilisimuliwa na baba mkwe wangu mwenyewe, mzee wa mipini, alipokuja hospitali Nachingwea akafikia kwangu. Sikuwahi kuacha kumwita baba mkwe, naye hakuwahi kuacha kufikia kwangu. Padri alikwenda Ruangwa kusikiliza mashahidi, na kwa kuwa kwao kaskazini baba ndiye mwozaji, alimwita baba.

"Akaniuliza, ulimwoza binti yako kwa hiari yake?" mzee akanisimulia huku akinywa uji. "Nikamwambia, Padri, mimi sikuoza mtu. Mimi nilikula pilau."

"Ukamwambia hivyo?"

"Niliapishwa, mwanangu. Ningesemaje? Aliyeoza ni shemeji yangu, na shemeji yuko kaburini. Padri akashangaa sana. Akaniuliza, sasa nani aliyejua moyo wa binti? Nikamwambia, labda mtani."

Walimwita na shangazi, naye akasema kwamba mabibi harusi wote hulia, yeye mwenyewe alilia, na mbona yuko hapo. Wengine waliokuwepo harusini walisema hawakumbuki. Si kwamba walikuwa waongo. Marehemu ndiye aliyekijenga kile kigango, mabati yale aliyahangaikia yeye, na nani angesimama chini ya mabati hayo aape kwamba mzee alimlazimisha mtoto wa dada yake?

Padri akamwita mtani. Sijui alifikiri nini aliposikia neno hilo. Pengine kwao utani ni maneno ya mashabiki wa mpira. Huku kusini mtani ni mtu mwenye kazi. Ukoo unapofiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi, na katikati ya kilio anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Kwenye harusi anazuia njia. Anasema kile ambacho ndugu hawawezi kusema, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Tarishi wa parokia akampelekea wito wenye mhuri, kama anavyopelekewa shahidi yeyote.

Mtani alikuja. Alivua kofia, akasalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," ingawa yeye ni Mwislamu, kwa kuwa ndivyo watu wa nyumba ile wanavyosalimiana. Alipoambiwa aape kusema kweli juu ya aliyoyasema siku ya harusi, akakataa.

"Utani hauapiwi," akamwambia padri. Akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Baada ya muda Paroko akaniita tena. Hakuruhusiwa kunieleza mengi, lakini aliniambia shauri lilivyokaa. Kanisa huanza kwa kuamini kwamba ndoa ni halali mpaka ithibitike vinginevyo. Mwanamke amesema yake, na neno lake lina uzito, ila hakuna wa kuliegemeza. Kwa hali ilivyo, ndoa yangu huenda ikasimama.

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nikasonga ugali, nikakaanga dagaa, nikala peke yangu, mwanamume mwenye mke.

Ugali haukupita vizuri. Kitu kilichokuwa kikinikera ni yule mtani. Alisema nini siku ile, mpaka padri mzima atake kumwapisha? Nilikuwepo. Ilikuwa harusi yangu.

Nilichokumbuka ni hiki. Tulipokaribia mlango wa kanisa, mtani alitokea akiwa amejifunga kamba ya mbuzi shingoni. Alikwenda kwa magoti na mikono mbele ya mjomba, akilia kama mbuzi, akasema maneno kwa Kimwera na watu wakavunjika mbavu. Mjomba naye alicheka. Mimi Kimwera changu wakati huo kilikuwa cha salamu, lakini harusi ni yangu na watu wanacheka, nikacheka kuliko wote. Wakaniambia kwamba bwana harusi lazima amkomboe mbuzi. Nikatoa ahadi ya kreti ya soda, nikainama, nikaifungua ile kamba shingoni kwa mikono yangu. Vigelegele vikapigwa. Nilipoinuka nikamwona bibi harusi analia, na shangazi akaniambia ni kawaida.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda Nambilanje kwa pikipiki. Ulikuwa msimu wa ufuta. Nilimkuta mtani uani kwake akikung'uta mashada juu ya turubai, mvi zimejaa vumbi la makapi. Aliponiona hakusimama.

"Mfipa," akasema, "umekuja kwa basi au kwa ungo?"

"Kwa pikipiki. Ungo umetoboka."

"Basi karibu, mnunuzi wa mbuzi. Keti hapo, usikanyage ufuta wangu."

Niliketi. Nilimuuliza moja kwa moja alisema nini siku ile, kwa kuwa sina subira ya kuzungukazunguka. Akaendelea kukung'uta. Aliniambia kwamba swali hilo ameshaulizwa na padri na jibu analijua.

"Padri alitaka uape," nikamwambia. "Mimi sitaki uape. Nataka nijue watu walicheka nini."

Akaliweka shada chini. "Wewe ulioa kwetu," akasema. "Kwa hiyo na wewe nakutania. Haya."

Akachukua kamba iliyokuwa imefunga mashada, akajizungushia shingoni, na mzee yule, magoti yenyewe yanalia, akashuka chini juu ya turubai la ufuta aliokuwa amenikataza kuukanyaga. Akalia kama mbuzi. Halafu akasema yale maneno kwa Kimwera, na sasa nilikuwa nimeishi huku vya kutosha kuyaelewa, ila aliyarudia kwa Kiswahili ili nisiwe na pa kujificha.

"Mjomba, mjomba, mimi nilizoea majani ya Matambarale. Huku unakonipeleka majani mazuri, tena mengi. Lakini mimi sili, mjomba. Nitakonda."

Hakukuwa na mtu wa kucheka pale uani isipokuwa kuku. Mtani akaivua kamba, akajipangusa magoti, akaketi karibu nami.

"Binti alikuja kwangu kabla," akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Kwa nani tena? Mama hana. Baba hana neno. Na mjomba wake alishasema kwamba kijana wa Matambarale hana mbele wala nyuma, na kwamba akimkataa mtu wa serikali asimwite tena mjomba. Nilimwambia mjomba kwa njia niliyopewa. Mtani hana njia nyingine."

"Naye akacheka."

"Angefanyaje? Mtani hakasirikiwi. Alicheka, akaendelea kutembea. Nilidhani atasimama."

Nilimuuliza kwa nini basi asimwambie padri hivyo, amsaidie binti. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Nikiapa, siku ile inageuka kesi. Na mtu mwenyewe nimemzika mimi. Kaburi nimechimba mimi. Nikamtania pale pale mbele ya watu, nikamwambia mzee, umetuoza wote sasa nenda ukaozwe na wewe, tukacheka, tukalia, tukamaliza. Utani ukimalizwa haufufuliwi na mtani." Akaokota punje za ufuta zilizoruka nje ya turubai. "Lakini aliyetaniwa ni mambo yake. Siku ile nilitania watu wawili, yeye na wewe. Yeye hayupo. Wewe ukitaka kuubeba, ubebe."

"Hata kwa padri?"

"Hata kwa Papa. Mimi sijui lolote. Unataka uji?"

Nilikunywa uji. Niliporudi nilipita njia ya Matambarale, ingawa si njia yangu. Sikusimama. Nilitaka tu kuona hayo majani.

Nisiseme uongo kwamba niliamua pale pale. Nilikaa na jambo lile kwa majuma, nikilibishia. Nilikuwa nimekaa na mwanamke akiniomba ruhusa ya kufungua dirisha la nyumba yake mwenyewe, na nikiliona neno lile sasa, "kwako", nilitamani kumpiga mtu na hapakuwa na mtu. Nilimwonea uchungu. Nilijionea uchungu na mimi, na sikuona kwa nini nichague. Kilichonishinda ni ile kamba. Watu wote walioelewa siku ile walikuwa wamenyamaza kwa sababu zao, na sababu zao zilikuwa za haki. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kusema, na mimi ndiye ambaye kusema kungemwacha bila ndoa.

Nikamwomba Paroko anirudishe kwa yule padri wa jimboni. Sikuvaa koti.

Niliapa tena. Nilieleza kamba, mbuzi, maneno, vicheko, na mikono yangu ikifungua fundo. Nilieleza habari za dirisha na mafuta ya kupikia. Padri aliniuliza kama mimi na mwanamke yule tumekubaliana niseme hivyo, nikamwambia sijaongea naye tangu siku ile nje ya nyumba ya msiba. Akaniuliza kama nimeahidiwa kitu. Nikamwambia nimepewa uji.

"Unajua maana ya maneno yako?" akaniuliza. "Yanakwenda kinyume na ulichokitaka mwanzo."

"Najua, Padri."

Sista aliandika mpaka akanifikia. Nilidhani tumemaliza, nikawa nimeshika mkono wa kiti ili ninyanyuke. Padri akageuza ukurasa wake wa maswali.

"Na wewe?" akasema. "Siku ile, wewe ulikubali kwa hiari yako?"

Tangu pale altareni, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Si mjomba, si shangazi, si wenzangu wa ofisini waliosema nishukuru. Padri akasubiri, namna yake ile ile, bila kunisaidia.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi nilikubali. Nilikubali kabisa."

"Sista, andika hivyo," padri akasema. "Kwa maneno yake."

Akaandika, kisha akanisomea: mimi nilikubali, nilikubali kabisa. Nililia pale, mtu mzima, bwana mifugo wa wilaya. Sista akanimiminia chai na kuniwekea sukari bila kuniuliza ngapi, ikawa tamu mno, nikainywa yote.

Baadaye niliarifiwa kwamba nina haki ya kwenda jimboni kusoma ushahidi wote, pamoja na wa kwake, kabla mahakimu hawajaamua. Sikwenda. Yaliyokuwa ya kwake niliona nimuachie.

Hukumu ilitoka kwamba ndoa ilikuwa batili. Paroko alinieleza kuhusu rufaa, nikamwambia hapana, na hata yule mtetezi wa ndoa hakukata rufaa. Muda ulipopita, simu yangu ikaita nikiwa kwenye banda la kuku, mkono mmoja umeshika jogoo.

"Kaka, shikamoo," akasema. Hakuwahi kuniita kaka. Zamani aliniita "wewe", kwa heshima, kama inawezekana.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Tunafunga ndoa kigangoni, asubuhi tu, bila sherehe. Naomba uje. Watu huku wanasema nimekudhulumu. Wakikuona watanyamaza."

Jogoo alikuwa akinipiga mabawa kifuani. Nilimwambia ni mbali na barabara ni mbaya na nina kazi. Akaitikia kila sababu kwa "ndiyo, kaka". Mwishowe nikamwuliza saa ngapi.

Nilikwenda. Nikaketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, pembeni ya baba mkwe, ambaye alinisogezea nafasi kana kwamba benchi ni lake. Mwanamume wa Matambarale alikuwa amevaa shati jeupe lenye mkunjo wa dukani. Mwenzangu alivaa kitenge. Alikuwa amenenepa kidogo, na nikafurahi, halafu ikaniuma kwamba nimefurahi.

Padri akaanza maswali. "Mmekuja hapa kufunga ndoa kwa hiari yenu wenyewe, bila ya..."

"Ndiyo," akasema.

Watu wakacheka. Padri naye akacheka, akamwambia angoje kwanza amalize swali. Akaona haya, akauma mdomo, akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Siku yetu mimi na yeye, padri alimwomba arudie jibu kwa sauti, kwa kuwa halikufika hata kwangu niliyesimama ubavuni pake. Sasa nilikuwa benchi la mwisho, mlangoni, na nilimsikia vizuri kabisa.